Nusu Sentimita kwa Mwaka

Papa mpendwa,

Bado nasikia mita yako ya kushonea ikipita juu ya ganda la mti, kwaru, kwaru, mkono mmoja ukiivuta na mwingine ukiipokea upande wa pili nisikoweza kuona. Kisha unainama kusoma namba. Kisha kelele yako, kama ya mtu ambaye timu yake imefunga bao dakika ya mwisho: "Nusu! Mama, andika! Imeongeza nusu!"

Huyo "mama" nilikuwa mimi, mtoto wa miaka tisa mwenye daftari la wateja wako magotini. Niliandika. Nusu sentimita, kwa mwaka mzima.

Mtaani kwetu Kamalondo walikujua kama mshonaji wa dirishani, mwenye pini mdomoni. Kila Jumamosi adhuhuri ulifunga mlango, ukampakia mmoja wetu kwenye baiskeli, kwa zamu, ukaelekea shambani kwetu upande wa barabara ya Kinsevere, ambako malori ya shaba yalitupaka vumbi hadi kwenye kope. Mbele ulilima mahindi. Nyuma uliacha pori jinsi ulivyolikuta, na majirani wa shamba walikucheka, wewe mtu wa kuja kutoka mkoa mwingine: "Huyu Mukasai analimaka mbele tu, kwa nyuma anaogopa miti!" Ulicheka nao. Kisha uliingia porini na kuvua kofia.

Kila mtoto alipozaliwa ulimchagulia mti uliokuwa tayari mkubwa. Mama alikuwa na wake tangu mlipooana, musuku, ambao matunda yake tuliyala hadi vidole vikanata. Wangu ulikuwa mupundu. Wadogo zangu wawili nao walikuwa na yao. Jumamosi ya mwisho kabla ya masomo kuanza, ulitupima sisi asubuhi kwa ajili ya sare, na mchana tukaenda sote, ukaipima miti kwa mita ile ile, kana kwamba nayo ilikuwa inaanza shule.

"Simama sawa," uliniambia. "Mbona unavuta tumbo? Sare iko ya kula nayo, haiko ya kupiga nayo picha."

"Na wewe, Papa, muti yako iko wapi?"

"Mushonaji hajipimake, mama."

Pale mita ilipopita ulichora mstari kwa chaki yako nyeupe ya kushonea, ukauzungusha shina zima, ili upime mara ya pili mahali pale pale. Hukuamini kipimo cha mara moja, cha mtu wala cha mti. Mstari ulibaki hadi mvua za kwanza zikauosha.

Siku hizo pori lilikuwa linatoa majani mapya, mekundu kama shaba iliyotoka motoni, na mvua ilikuwa bado wiki nyingi. Ardhi ilikuwa kavu kiasi cha kupasuka. Ulisimama katikati ya wekundu ule, ukauliza kwa sauti ndogo, si kwetu: "Nani aliiambia miti kama mvua inakuja?" Hukungoja jibu. Hadi leo sijaona mtu akiuliza swali kwa furaha namna ile.

Nilipokuwa na miaka kumi na sita nilichoka na vumbi. Nilikuambia mbele ya wadogo zangu, "Papa, nusu sentimita iko nini?" Hukukasirika. Ulikunja mita polepole kwenye vidole vyako. "Miezi sita haikunywa hata tone," ulisema. "Moto ilipita hapa, unaona weusi huu? Na imeongeza. Wewe, mwaka huu, umeongeza nini?" Nimesoma chuo kikuu miaka mitano, Papa, na swali lile hakuna mwalimu aliyenisaidia kulijibu.

Ulituacha mwanzoni mwa baridi. Matanga yalipokwisha, familia ilikaa kugawa vitu vyako. Mashini ya kushona nilipewa mimi, kifungua mimba wako. Shamba lote, na pori lake, alipewa mdogo wako, baba mdogo, mshonaji naye, ambaye tangu mashini yake ilipoibwa anaishi kwa kuchoma makala, mkaa wa kupikia. Hakuna aliyemwonea mwenzake. Nami sikupinga, kwa sababu nilifikiri kila mtu anajua kwamba pori lako halikatwi.

Mwisho wa Agosti nilikwenda peke yangu. Nilipima miti yetu minne. Nilichora mistari kwa chaki yako, vizuri, nikairudia ili ionekane. Nilijisikia kama mtu anayekufunga vifungo vya shati.

Baba mdogo, bila mimi kujua, alikuwa ameshapatana na wakataji wa makala. Aliwaambia wangoje, atakuja kuweka alama kwenye miti ya kukata kwanza. Walifika kabla yake, wakaona alama.

Nilipofika tena Jumamosi iliyofuata, musuku wa Mama na mupundu wangu ilikuwa chini. Mkubwa wa wakataji alishika shoka lake kwa mikono miwili kama mwanafunzi aliyeitwa ubaoni. "Lakini mamu, balituambia tukate yenye iko na alama. Hii ilikuwa na alama muzuri kabisa. Hatukugusa ingine."

Alama nzuri kabisa. Mkono wangu, Papa. Nilikaa kwenye kisiki cha mupundu na sikuweza kumchukia mtu. Duara za ndani zilikuwa nyembamba kiasi kwamba nilizipitia kwa ukucha, na katika moja ya zile za nje kabisa nilikuwa mtoto wa miaka tisa, na wewe ulikuwa unapiga kelele porini. Kila ulichoshangilia kilikuwa kimeandikwa humo. Hukuongeza hata nukta.

Baba mdogo alikuja mbio. "Nilisema bangoje! Bangoje!" Alivua kofia, akaonekana kama wewe. Kisha akajipangusa uso, akasema taratibu, "Yenye imeanguka imeanguka, mutoto. Acha tumalize na ingine. Wewe mwanamuke wa kukaa mu biro, utafanya nini na pori?"

Miti ya wadogo zangu ilikuwa bado imesimama nyuma yake, na nyuma ya hiyo pori zima, jekundu, likingoja.

Nilimwomba angoje hadi Jumanne, nikarudi nyumbani nikamweleza Mama. Aliitazama mashini yako kando ya dirisha. "Shemeji alijifunza kushona kwa papa yako," alisema. "Anashonaka kola kumupita. Lakini usimwambie papa yako nilisema." Tulicheka, kisha tukalia, na ilikuwa imeamuliwa: mashini kwa pori.

Jumatatu baba mdogo alikuja na mkokoteni. Mama aliipaka mashini mafuta kila kiungo, akamwonyesha ile pedali inayokwama kama vile hakuijua. Baba mdogo aliniuliza mara mbili, "Hautajuta?" Akaniandikia karatasi mbele ya wazee wale wale waliogawa vitu vyako: mashini imekuwa yake, pori limekuwa langu. Jumanne niliomba ruhusa kazini, nikampelekea chef wa kijiji, mkuu wa ardhi ile, kuku na chumvi, naye, alipotaja wenye mashamba, akaita jina langu mahali alipokuwa akiita lako. Wakataji walikuwa wamekaa porini wakisubiri neno. Niliwaambia warudi nyumbani. Wamerudi.

Lala salama, Papa, huko usikohitaji kofia ya kuvua.

Kifungua mimba wako