Mimi na Elisée kwenye Karatasi Moja

Nyumba za Wanafunzi Wenye Ndoa,
Chumba cha Nne,
Biharwe, Mbarara,
Uganda.
14 Juni 2024

Mpendwa Shangazi Goretti,

Nakusalimu kwa upendo wote nilio nao, wewe na nyumba yako huko Edmonton. Goti lako linaendeleaje? Baba aliniambia unapanda ngazi za kazini ukiwa umelishika kwa mkono. Na watoto, bado wanaelewa Kiswahili au wamebaki na Kiingereza tu? Huku sisi ni wazima wa mwili. Nasema wa mwili, Shangazi. Hayo mengine yako chini, maana nikianza nayo kalamu itanishinda.

Acha kwanza nifurahi kidogo. Nimeolewa! Wewe uliona kwa simu tu, na mtandao ukakatika kabla ya pete. Basi ujue kwamba Elisée wangu alilia kabla yangu, mwanaume mrefu vile, hadi kwaya ikakosea kuingia. Leo ni karibu wiki nane, na bado nikimwona anatoka darasani na vitabu kwapani, moyo unaruka kama ndiyo mara ya kwanza. Ananisaidia kufua hata mashuka. Majirani wanamcheka, yeye anaanika tu huku akiimba.

Chuo chenyewe ungekipenda. Ni cha Walutheri, na ni kidogo sana: darasa la Elisée lina watu kumi na mmoja, na mwalimu akiona kiti kitupu anauliza huyo anaumwa nini. Saa nne asubuhi kengele inalia, na kila mtu, hata wapishi, anaingia kanisani. Siku ya Alhamisi tunapalilia bustani ya mboga, walimu kwa wanafunzi, halafu tunakunywa chai kila mmoja na kikombe alichokuja nacho. Mimi wananiruhusu kusoma maktaba, na jioni najifunza kompyuta. Elisée amebakiza mwaka mmoja awe mwalimu wa sekondari. Mwaka mmoja tu, Shangazi.

Sasa nakuja kwenye lile jambo.

Chumba hiki tulipewa kwanza, tukaambiwa karatasi zifuate. Mkimbizi anatakiwa kuonyesha cheti cha ndoa na karatasi ya familia kutoka kambi ya Nakivale. Elisée alikuwa kwenye mtihani, nikasema nitapeleka mimi. Kumbe nilikuwa na hamu. Ile karatasi yetu ya Kabazana, pale walipotupokea na kutuandikisha, unaikumbuka? Ina picha zetu wote: Baba, marehemu Mama, mimi wa miaka tisa nimenyolewa kichwa, na kando yangu Elisée wa miaka kumi na miwili, masikio makubwa kuliko uso. Tangu tulipochumbiana naibusu hiyo karatasi. Kwangu ilikuwa kama picha ya harusi iliyopigwa mapema.

Basi nikamwonyesha Benitha, katibu wa ofisi, kwa furaha kabisa. Akasoma, akanitazama. "Madamu, nyinyi mko na baba moja?"

Mimi nikacheka! Nikasema, "Ndiyo, tulifika pamoja! Ona masikio yake!"

"Hapa wameandika yeye mtoto, wewe mtoto. Na kanisa yetu imewafungisha ndoa?"

Hapo ndipo nikaelewa nilichokiweka mezani. Nilitaka kuirudisha mfukoni, lakini alikuwa ameshaitoa kopi.

Wewe unajua ukweli kuliko mtu yeyote, kwa sababu ulikuwa kwenye ile foleni. Elisée alikuwa amepotezana na wazazi wake njiani, anatembea nyuma yetu bila kusema neno. Watoto wa peke yao walikuwa wanatengwa upande mwingine, na yeye alikuwa anatetemeka. Ukamshika mkono ukamwambia mwandikishaji, "Huyu naye ni wa kaka yangu." Ikaandikwa. Miezi minne baadaye mjomba wake Appolinaire akamgundua na kumchukua kwake Juru, mbali ndani ya kambi, na mimi sikumwona tena mpaka tulipokutana kwenye kwaya tukiwa watu wazima. Lakini jina lake halikutolewa. Unajua tunavyosema kambini: karatasi iliyolala usiiamshe. Kila mtu aliogopa kwamba akigusa jina moja, yote yatafutwa. Sasa nimeiamsha mimi mwenyewe, tena kwa kuibusu.

Mkuu wa wanafunzi, Mchungaji Rwakabuba, ametuita mara mbili. Si mtu mbaya. Alitukaribisha viti na kusema polepole: ama karatasi inasema uongo, ama ndoa inasema uongo, na yeye lazima alipeleke jambo hili kwenye baraza la chuo Jumatatu tarehe 24. Kama sisi ni ndugu, ndoa inavunjwa na Elisée anafukuzwa. Kama karatasi ndiyo ya uongo, wanataka mtu mzima aliyekuwepo siku ile aandike na kutia sahihi. Neno la Appolinaire halikutosha, kwa kuwa hakuwepo kwenye foleni. Baba ndiye mwenye karatasi, wanasema anajitetea. Umebaki wewe.

Shangazi, naogopa. Naogopa mlango ukigongwa. Kanisani, tunapofika kwenye ungamo la dhambi na wote wanasoma kwa sauti moja, mimi nahisi kila shingo inageuka. Juzi jikoni, jirani yangu Chantal alinitania: "Kumbe mama mkwe wako ni mama yako! Una bahati, dada, hukuwa na mtu wa kugombana naye." Wanawake wakacheka, nami nikacheka mpaka mboga ikaungua. Halafu nikaenda kukaa nyuma ya tangi la maji. Usiku nikimshika Elisée mkono, kuna sauti inaniuliza kama nina haki ya kuushika.

Baba amekataza tusikuambie. Anasema mwakani unaomba uraia huko, na ukiandika kwamba ulimdanganya mwandikishaji wakati ule, wanaweza kuuliza ulidanganya nini kingine. Sijui kama ni kweli. Hakuna anayejua, na ndiyo maana inatisha.

Elisée naye amekataa. Ameshaamua kwamba Jumatatu ile atawaambia ukweli, na wakimwuliza nani aliyetamka maneno yale, atanyamaza. Alisema, "Yvette, mkono ule ndio uliniokoa. Siwezi kuuuza ili nipate digrii." Nikazidi kumpenda, na nikazidi kuogopa, maana najua atanyamaza kweli, na watamfukuza.

Hajui kwamba nakuandikia. Barua hii ataibeba Mchungaji mgeni aliyekuwa anafundisha hapa. Anarudi Edmonton Jumapili, ataiweka mikononi mwako. Sikutaka kupiga simu, kwa sababu kwenye simu ungenijibu haraka kwa huruma, na mimi sitaki ujibu haraka. Uliza kwanza kwa mtu anayejua sheria za huko. Ukiona ni hatari, nyamaza, nami sitakulaumu hata siku moja, wala sitamwambia mtu kwamba niliomba.

Elisée ni mwema kuliko mimi. Yeye anaweza kukipoteza chuo na asikuguse wewe. Mimi nina mume wa wiki nane, na ninaomba. Andika, Shangazi, kama unaweza. Andika tu ulivyosema siku ile, na kwa nini.

Nisalimie mjomba, na watoto wote, na yule mama wa Uvira mnayesali naye. Baba anakusalimu bila kujua. Mungu aliyetuvusha mpaka wote, bila kuuliza karatasi, akulinde katika lolote utakaloamua.

Mtoto wa kaka yako, anayekupenda hata ukinyamaza,

Yvette