Mapafu ya Mbuzi na Pampu ya Baiskeli

Mzee Kondo, mwalimu wangu,

Shikamoo. Najua leo sitasikia marahaba, lakini nikianza bila hiyo ungenigombeza.

Tangu tukuzike Kisarawe, kiti chako cha mtoa usingizi kichwani mwa kitanda cha upasuaji nakikalia mimi, Tatu, uliyezoea kuniita "binti mbishi." Wiki ya kwanza nililia ndani ya barakoa.

Sasa sikiliza, maana nimekuja kujisifu.

Juzi aliletwa mama mmoja wa Vihingo, ana uvimbe kooni, hata uji haupiti. Daktari mgeni kutoka mjini alitaka nafasi ya kufanya kazi humo kooni, kwa hiyo nikatumia kile kifaa ulichonifundisha: kijibomba chembamba, unabana kishikio, oksijeni inaingia kwa nguvu, unaachia, pumzi inatoka yenyewe. Nikabana, kifua kikapanda. Nikaachia. Hakikushuka.

"Puliza, Nesi!" Daktari akasema. Akarudia kwa ukali.

Nikakumbuka siku uliponunua mapafu ya mbuzi pale Mlandizi. Uliyaweka mezani kwako, ukachomeka pampu ya baiskeli, ukalifunga koo kwa uzi lisivuje. Mkeo ananung'unika kwamba mboga yake imegeuzwa mchezo! Ukaniambia nisukume, nikasukuma kwa mbwembwe. Yakapasuka, yakaturukia usoni, nawe ukacheka mpaka kofia ikadondoka. Kisha ukaiokota. "Huyu ni mbuzi, tena alishakufa," ukasema. "Kwa mtu, usipulize pumzi ya pili kabla ya ile ya kwanza kutoka."

Basi nikaondoa mkono kwenye kishikio. "Daktari, kifua bado kimejaa. Sipulizi."

Mimi huyu! Mbele ya watu wote! Mzee, nilidhani kazi ndiyo imeisha. Akanikazia macho, kisha akachungulia kooni. Kumbe uvimbe umeangukia njia ya pumzi. Akauvuta kando, na kifua kikashuka taratibu chini ya kiganja changu. Ndipo nikapuliza.

Mama yule amekunywa uji. Sauti inakwaruza, lakini tangu asubuhi anamsema mumewe kwa kuchelewa kuja.

Daktari aliniuliza nani alinifundisha. Nikataja jina lako na la baba yako, nikiwa nimenyoosha shingo. Naona fahari mpaka kutembea kwangu kumebadilika, wenzangu wananicheka.

Leo tulikuwa na mgonjwa mwingine. Daktari alishika kisu, akanyanyua macho, akatulia. Nilidhani kuna kitu amesahau. Kumbe ananisubiri mimi nimwambie aanze.

Pumzika, Mzee wangu. Mungu akupanulie kaburi. Nakuahidi, aliyeshika kisu awe nani, nikiona hatari nitasema, hata sauti ikitetemeka.

Binti yako mbishi,
Tatu