Taata, Ile Betri ya Pili

Taata,

Kasinge, baba yangu. Usiitikie salamu kwanza, maana leo nimekuja na hasira.

Ni taa yako ya baiskeli, ile nyekundu ya nyuma. Tangu tumalize matanga baiskeli naipanda mimi. Napeleka ndizi sokoni Muleba, mkungu umefungwa nyuma, Koku yuko mgongoni. Usikunje uso. Najua ulisema mwanamke anayenyonyesha asipande baiskeli. Sasa ndizi zingejipeleka? Kurudi ni jioni, na barabara ile ya mabasi jioni unaijua kuliko mimi.

Nilikuwa naiogopa taa hiyo, Taata. Siku ile ulipogongwa ukitoka Rubya kumwona shangazi, kijana wa pikipiki iliyokugonga alisema hakuona taa yoyote mbele yake. Na kuichaji ilikuwa kazi yangu. Kila jioni naichomeka ukutani pale chini ya picha ya Bikira Maria, asubuhi naichomoa. Sasa kaka Deo, amekuja kutoka Ijuganyondo na suti yake, akaniuliza matangani mbele ya watu wote: "Taa ya mzee uliichaji?"

Koku alikuwa na homa wiki ile, sikulala, siku zote zilifanana. Niliichomeka, au nilidhani nimeichomeka? Miezi yote hii nimekaa na swali hilo kama mwiba wa samaki kooni.

Juzi nikasema liwalo na liwe. Nikaichaji vizuri, nikaiwasha, ikawaka. Kabla sijamaliza kufunga mkungu, imezima. Nikaichaji tena kutwa nzima. Ikazima tena. Nikaipiga kofi kama ulivyokuwa ukiipiga redio. Wapi! Basi nikafanya ulivyonifundisha. Nikaianika juani kwenye jamvi, katikati ya kahawa, na kila nikigeuza kahawa naigeuza na yenyewe. Siku mbili, kuku wanaichungulia! Betri za redio yako zilikuwa zikitoka juani unapata taarifa ya habari, si ndivyo? Hii ilitoka na joto tu.

Nikaipeleka kwa fundi simu pale stendi. Nilipomweleza alicheka mpaka akaweka bisibisi chini. "Dada, hii ni betri ya kuchaji, siyo buni! Itakulipukia." Akaifungua. Ndani mlikuwa na betri mbili ndogo, moja ya kijani inang'aa, nyingine imefubaa ina kutu mdomoni. "Nani kakuchanganyia hivi? Mpya na kuukuu haziwekwi pamoja. Hii kuukuu inaisha mapema, inaivuta na mwenzake, taa inazima. Hata ungechaji wiki nzima."

Nikamwambia arudie. Akadhani sijaelewa. Nilielewa, Taata. Nilitaka tu kuyasikia tena: hata ungechaji wiki nzima.

Halafu nikaiona ile mpya vizuri. Ilikuwa na alama ya msalaba iliyokwaruzwa kwa msumari, kama uliyoweka kwenye majembe yetu yote na kwenye dumu la maji. Hapo ndipo hasira iliponipanda. Nilikuona kabisa, umekaa kwenye kigoda unasema yale ya kibanjani, kwenye migomba yetu: "Shina moja la mgomba lina mama, mtoto na mjukuu. Wakikaa pamoja wanashikana." Taata! Betri siyo migomba!

Sasa betri hizi zinauzwa mbili mbili. Nilipokuwa narudi nikajiuliza, hiyo ya pili uliipeleka wapi? Nilipofika sikuvua hata kanga ya mgongoni, nikaenda moja kwa moja kwenye tochi yangu. Ile uliyonipa Koku alipozaliwa, eti nisijikwae naye nikienda uani. Nikaifungua kwa kisu. Moja kuukuu. Moja ya kijani, ina msalaba.

Nilikaa palepale sakafuni.

Ungeweka zote mbili kwako. Mimi uani ningegongwa na nini, na mbuzi? Ungesema tu, "Mwanangu, wewe subiri." Ningesubiri! Lakini wewe ulitaka kila mtu apate nusu. Na nusu yangu yenyewe haikumulika, nilikuwa naitukana tochi kila siku na wewe unanisikia, unakaa kimya. Na nusu yako... basi. Hiyo sitaki kuiandika.

Nilimpigia kaka Deo nikamweleza yote. Akasema, "Mzee bwana." Halafu, taratibu, "Nisamehe, mdogo wangu." Jumamosi akaja, hana suti, ana betri mpya nne mfukoni. Mbili tumeziweka kwenye taa, mbili kwenye tochi, zote za umri mmoja. Zile kuukuu tumempelekea fundi, sikuzitupa kibanjani. Na zako mbili zenye msalaba nimezikutanisha kwenye kile kiredio chako kidogo. Zina uhai bado. Kinaongea, Koku anakichezea.

Jana nilirudi jioni, giza linaingia. Nikasikia pikipiki nyuma yangu. Ikapunguza mwendo, ikapiga honi, ikanizunguka kwa mbali, ikapita. Iliniona, Taata. Nililia huku nakanyaga pedali, na Koku mgongoni anachekelea ile honi.

Nakuahidi, hakuna mtu wa nyumba hii atakayepita barabara ile na nusu ya taa. Koku miguu yake ikifika kwenye pedali nitamfundisha kuendesha, lakini kwanza nitamfundisha kufungua taa na kutazama ndani. Na jamvini nitaanika kahawa peke yake.

Sasa hasira imekwisha. Karibu yote. Pumzika, Taata, usihangaike tena na taa zetu.

Kasinge. Sasa unaweza kuitikia.

Mimi mwanao,
Mama Koku