Ukuta wa Picha Yetu ya Harusi

Al Qusais, Dubai

Mke wangu mpenzi Rehema,

Salamu hizi zikukute umeshavua viatu vya kazi na umekaa. Hujambo, nyonda wangu? Miguu bado inavimba ukitoka zamu? Kifua cha mama mkwe kimepoa? Mimi mwili ni mzima. Miezi minne sasa tangu harusi, na bado nikiandika "mke wangu" natabasamu peke yangu, hadi Okello, Mganda ninayeishi na kufanya naye kazi, ananiita Bwana Harusi.

Picha yako nimeiona. Umesimama palepale tulipopigia picha ya harusi, kwenye ukuta wa wodi yenu ya wazazi, unaonyesha doa jipya la maji, na kwenye ujumbe wa sauti unacheka: "Ona, ukuta unakulilia, mume wangu!" Nimeusikiliza tena na tena kwa sababu sauti ni yako. Lakini kucheka nimeshindwa, na leo nakwambia kwa nini.

Juzi, katika hospitali tunayoihudumia, palitokea doa darini, dogo kama sahani. Nikaenda stoo kuomba rangi nyeupe. Msimamizi wetu, mzee wa Kihindi tunayemwita sir, akanizuia.

"Rangi ya nini? Maji yanatoka wapi?"

"Sijui, sir."

"Basi yalla, panda ukajue. Rangi ni mwisho."

Okello, ngazi mkononi, akaangua kicheko. "Bwana Harusi, kwenu mnapaka poda kabla ya kuoga?"

Nikapanda. Bomba la maji ya kiyoyozi lilikuwa limeziba. Kulizibua hakukuchukua hata nusu saa. Nikabaki kule juu ya dari na tochi yangu, machozi yananitoka.

Kwa sababu nilijua, Rehema. Wiki ile ya mgeni rasmi, nikiwa bado fundi wa hospitali yenu, nilipanda paa la wodi yenu nikakuta gata la nyuma, ule mfereji wa maji ya mvua, limepasuka na limejaa majani ya mwarobaini, maji yote yanaingia ukutani. Nikamwambia mganga mfawidhi. Akasema fedha iliyopo ni ya rangi, mgeni anakuja Ijumaa. Sikubishana. Hata yale majani, yaliyotaka mikono yangu tu, sikuyatoa. Nikapaka rangi mara tatu juu ya unyevu. Mgeni akausifu ukuta, watu wakapiga makofi, na wewe, umebeba trei ya dawa, ukanitazama kwa mara ya kwanza. Ningesemaje baada ya hapo? Furaha yangu yote ilianzia kwenye rangi ile.

Sasa mvua zimeanza, na unasema nafasi yangu haijapata mtu. Tafadhali, ukimaliza kusoma nenda kwa matroni. Mwambie mume wangu alijua akanyamaza. Usinitetee. Kisha gonga plasta ya ukuta kwa kifundo cha kidole, kuanzia kwenye doa kwenda juu. Ikilia kama mtungi mtupu, imeachana na ukuta na yaweza kuanguka; hamisheni vitanda vya upande ule siku hiyohiyo. Mdogo wangu Juma aende na ngazi akatoe majani. Namna ya kuziba gata kwa muda nitamwelekeza kwa simu.

Najua picha yetu utaitazama kwa macho mengine. Hilo linaniumiza kuliko joto la huku na kuliko umbali. Lakini kila nikifumba macho nakuona umesimama chini ya plasta ile, mikononi una kichanga cha mwanamke mwingine.

Msalimie sana mama mkwe, na shangazi aliyetupikia pilau ya harusi. Matroni mwombe radhi kwa niaba yangu kabla hujamweleza.

Ukishagonga, niambie kwanza ukuta umelia vipi. La moyoni mwako kuhusu mimi nitalisubiri, hata likichelewa.

Mume wako, kama bado utapenda kuniita hivyo,

Idi