Picha Moja ya Baba Mwende

Mpendwa Baba Mwende,

Jana nikiosha vyombo nilijaribu kuikumbuka sura yako nikashindwa. Mabega niliyakumbuka, na ule mwendo wako wa kuburuta kandambili, na jinsi ulivyokuwa ukikuna kisogo ukitafuta uongo wa kuniambia. Lakini nikifika usoni sipati kitu. Niliacha sufuria kwenye maji nikaenda chumbani kuitazama picha yako ukutani, nayo haikunisaidia, kama ambavyo haijanisaidia tangu tulipoichapisha. Ndiyo maana nakuandikia. Nimekasirika, na wa kumkasirikia ni wewe.

Nani ataniamini nikisema mke wa mpiga picha hana picha ya mumewe? Kila Jumamosi ulikuwa kwenye harusi za watu, leo Matiliku, kesho Emali, ukipanga mashangazi kwa urefu na kuwaamrisha watabasamu. Siku nyingine zote zilikuwa za ndege. Harusi zilitulisha, ndege wakala muda uliobaki. Kila nilipotaka kukupiga picha ulikwepa, ukanipa jibu lile lile: "Mimi si ndege." Hata siku ya ntheo, ulipowaleta wazee wako na mbuzi kwetu Kitui kunichumbia, ulibeba kamera. Picha za siku ile ninazo. Kuna mbuzi, kuna wajomba zangu, kuna mimi na leso mpya. Bwana harusi hayumo.

Kisha ukaleta telekonveta. Ulinunua kwa mzee mmoja wa Nairobi aliyekuwa anaacha kazi ya picha, ukaifunga ndani ya soksi ya Mwende ya utotoni, ukaiweka kabatini juu ya nguo zangu za kanisani. Mimi niliona kikopo cheusi chenye vioo, nikauliza hicho nacho ni cha nini. Ukanikalisha kitako ukanieleza. Kinakaa kati ya kamera na lenzi, na cha mbali kinakuja karibu mara mbili. Lakini hakikuleti karibu bure. Kinakula mwanga, na kamera inaanza kupapasa kama mtu anayetafuta miwani yake gizani. Tena kinakuza kila kitu pamoja na makosa, hata mtetemo mdogo wa mkono. Ndiyo maana ulikuwa hukitumii bila stendi, na hukitumii jua likishazama nusu.

Ulikipenda kwa sababu kilikuruhusu kukaa mbali. Wenzako walinyatia ndege mpaka wakawafukuza kwenye viota. Wewe ulikaa chini ya kichaka chako na chupa ya maji, na ndege hakuwahi kujua kwamba kuna mtu duniani. Nilikutania kwamba hata mimi ulinitongoza hivyo hivyo pale Kibwezi, ukiwa ng'ambo ya barabara, kwa macho tu, wiki baada ya wiki, mpaka nikachoka nikavuka mwenyewe kuja kukuuliza una shida gani. Ulicheka sana. Nakumbuka kwamba ulicheka, lakini meno yako sasa siyaoni.

Unaikumbuka safari ile ya kwetu Kitui, mvua zilipokwisha? Tulimwacha Mwende kwa nyanya yake tukashuka kwenye mto wa mchanga, ambako ulikuwa umeona tundu la hondohondo kwenye mti wa ng'ambo. Jike alikuwa amejifungia ndani, amejiziba kwa matope akabakiza ufa wa kupitishia mdomo, na mumewe akawa anamletea panzi na matunda. Tulikaa upande wetu alasiri nzima. Kila yule dume alipotua nilikupiga kiwiko nikakuambia utazame vizuri jinsi mume wa maana anavyofanya. Ukanijibu, jicho likiwa kwenye kamera, kwamba pia nitazame jinsi mke wa maana anavyokaa ndani na kufunga mdomo. Nikakufinya. Picha ya wakati huo ilitikisika, na hukunigombeza.

Jioni ulikuwa umeshakunja stendi ukanipa kamera niishike, na lenzi ile ndefu na telekonveta vikiwa bado vimefungwa. Ulivuka mchanga kwenda kuokota kitu chini ya mti, nadhani unyoya. Nikakufuata kwa lenzi. Kisogo chako kikajaa kioo chote, nikashangaa jinsi ulivyo karibu, nikaita, "Baba Mwende!" Ukageuka. Nikabonyeza.

Mwanga ulikuwa umekwisha na mzigo ule ulikuwa mzito mikononi mwangu. Ulipoitazama ulicheka, maana ulionekana kama mtu aliye nyuma ya karatasi ya nailoni. Ukaniambia, "Hiyo futa. Tutapiga ingine."

Sikuifuta. Na ingine hatukupiga.

Lori lilikugonga Emali ukitoka kwenye harusi na pikipiki yako. Simu yako ilisagika palepale, na ile kamera ya harusi nayo. Mimi wakati huo simu yangu ilikuwa ile ya tochi, isiyo na picha yoyote. Kitambulisho chako kilikuwa na picha ya kijana wa miaka kumi na minane aliyekonda, mwenye macho ya mtu aliyekamatwa, na hicho nacho kilibaki ofisini tulipokwenda kuandikisha kifo. Kamati ya mazishi ikataka picha ya kuweka mbele ya programu na ile kubwa ya kutangulia jeneza. Nikawaambia ninyi ngojeni, huyu alikuwa mpiga picha. Nikawasha kompyuta yako nikatafuta mpaka macho yakavimba. Ndege. Folda zote ndege.

Kwa hiyo nilikwenda kwa mchapishaji na picha ya mtoni. Yule kijana aliikuza kwenye skrini, akaipunguza, akaikuza tena, kisha akaniuliza kwa upole, kwa vile aliona nimevaa leso ya msiba kichwani, "Mama, hii picha haina sura. Hakuna ingine?" Nikamwambia achape.

Mama yako alipopewa programu aliisogeza mbali na macho, akaileta karibu, akamuuliza aliyekaa naye kama leo kuna maiti wawili. Hakuwa akitania. Alipoambiwa kwamba ni wewe aliikunja akaishikilia kifuani, wala hakuifungua tena mpaka tulipotoka kaburini. Mimi nilitembea nyuma ya ile picha kubwa. Kadiri walivyoikuza ndivyo ulivyozidi kupotea, nami nikawa nafikiri tunamzika mtu ambaye hakuna anayeweza kusema ni nani.

Baada ya hapo nilianza kukutafuta mahali pa wazimu. Picha za ndege wako ziko wazi kabisa, Baba Mwende. Nahesabu nyuzi za manyoya. Naona vumbi kwenye kope za tai. Usiku mmoja niliona kwamba ndani ya jicho la hondohondo yule dume mnaonekana mbingu, mchanga na ukingo wa mto, vyote vidogo, na ukingoni kuna doa jeusi. Nikajua ni sisi. Mimi nawe, tumeketi. Nikalikuza lile doa likawa vipande vya mraba, kijivu na kahawia. Ningekuwa na mume wa kusogea karibu ningekuona mle. Lakini wewe ulikaa mbali, na kile kikopo chako ndicho kilichokuwezesha. Nililia nikikitukana, kitu kisicho na masikio.

Mwende aliniuliza juzi kama macho yako yalikuwa makubwa au madogo. Nikamwambia makubwa. Akafurahi, akaenda kujitazama kwenye kioo. Sijui kama nilisema kweli, na huko ndiko nilikofika. Watu kanisani wananiambia uchungu unapungua na siku. Kwangu kinachopungua ni wewe. Uchungu umebaki ulivyo, na sasa hauna hata sura ya kuuelekeza.

Mwezi uliopita nilikwenda kwetu nikabeba vyombo vyako vya picha. Nimejifunza, usicheke. Nilishuka mtoni asubuhi kabla joto halijaanza kucheza juu ya mchanga. Nikasimamisha stendi palepale tulipokaa, nikauning'iniza mfuko wa mawe chini yake usitikisike. Nikafunga telekonveta, nikapunguza tundu la lenzi kidogo kama ulivyokuwa ukifanya, nikalenga kwa mkono, polepole, pale chini ya mti ulipogeukia. Kisha nikaiacha kamera ijipige yenyewe nisiiguse. Sijui nilikuwa nangoja nini.

Picha ilitoka safi. Chembe za mchanga unaweza kuzihesabu. Kuna nyayo za mbuzi, kuna kijiti, kuna kivuli cha tawi, na katikati, pale uliposimama, hakuna mtu. Ndiyo picha nzuri kuliko zote nilizowahi kupiga, na wewe ungeisifu. Niliketi kwenye mchanga nikakaa hadi baba yangu akaja kunitafuta. Akakunja stendi.

Sasa nikuage. Mchungaji anasema tutaonana kule juu, na mimi namwitikia amina pamoja na wengine, lakini moyoni kuna hofu ambayo siwezi kumwambia. Watakuwa watu wengi, Baba Mwende, na mimi nitakuwa nimezeeka, na sura yako sitakuwa nayo hata kidogo. Naweza kukupita. Kwa hiyo safari hii usikae mbali ukinitazama. Ukiniona napita, niite wewe. Sauti yako bado naijua.

Mkeo,
Mama Mwende