Vigae vya Kaburi Lako

Mama mkwe,

Hukujua kusoma, na ungejua ungesema napoteza karatasi. Herufi nimejifunza huku Busia. Nakuandikia kwa Kiswahili kilekile ulichokuwa ukiwatukania wanunuzi wa Mukuju.

Ulipozikwa, shemeji Ochwo alitoa vyungu vyote nyumbani akavivunja juu ya kaburi, kama wafanyiwavyo wafinyanzi. Vyako, sawa. Lakini na vyangu, nilivyochoma kwa ajili ya soko ili nilipe kodi ya nyumba! Nikamshika mkono. "Shemeji, hii yangu." Akakigeuza kile chungu, akatafuta alama, hakuiona. "Hii yote ni ya mama," akasema, akakipigiza chini.

Ni wewe uliyenifikisha hapo. Mwanao alipochukuliwa kubeba mizigo ya Wazungu vitani asirudi, ulinifundisha ufinyanzi nisife njaa, na kwa hilo nakushukuru. Lakini kila nilipotaka kutia alama ya ukucha chini ya mdomo wa chungu, ulinichapa vidole. Ulisema chungu kijulikane kwa mkono uliokifinyanga. Kikitoka motoni kibaya, ulikivunja mbele ya watu, nami nikilia ulinisukumia jiwe la kusagia vigae: "Lia, lakini saga." Nikajitahidi hadi vyangu vikafanana na vyako, asiweze mtu kuvitenganisha. Basi vikavunjwa pamoja na vyako. Nilikuchukia siku ile, mama. Nililia kwa hasira, na waombolezaji wakanisifu kwamba nilikupenda.

Kisha Ochwo akanifukuza kijijini kwenu Kirewa. Mjane asiye na mtoto wala kodi wa kazi gani? Kabla ya kuondoka nilipita kaburini nikazoa vigae vyote kikapuni. Ndiyo, ni mwiko. Nikavuka mpaka navyo kichwani, nikavisaga, nikauchanganya unga wake na udongo wa bondeni kama ulivyonifundisha, chungu kisipasuke motoni. Hakijapasuka hata kimoja. Waislamu wa mjini wanavinunua, wanapikia nyama yao ndani yako bila kujua, nami nakula.

Sasa namfundisha Athieno, mjane mwenzangu. Jana alitoa motoni chungu chenye ubavu mnene kama tofali. Nikakivunja sokoni, watu wakitazama. Akalia. Nikamsukumia jiwe nikamwambia maneno yako yaleyale, na nikasikia sauti yako imetoka kinywani mwangu. Sikuipenda. Ila kila anachofinyanga, hata kibovu, anakitia ukucha wake udongo ungali mbichi. Hapo nimekukatalia.

Lala, mama. Vigae sivirudishi. Nakuahidi jambo moja: siku nikifa, waje wavunje vyangu vyote juu yangu, na wakigusa cha Athieno, akigeuze awaonyeshe ukucha wake, akibebe aende nacho sokoni.

Mkweo,
Nyadoi