Saa ya Reli na Saa ya Nyumbani

Jumapili, 5 Oktoba

Naanza leo, na naahidi kusema kila kitu, hata yale yatakayonichekesha au kuniaibisha mimi mwenyewe. Hasa hayo. Hakuna atakayesoma, kwa hiyo sina sababu ya kujipamba.

Habari kubwa: reli wametangaza nafasi! Wanataka wanafunzi wa kuongoza treni, kumi na wawili tu nchi nzima. Hata sisi tunaomaliza shule mwaka huu tumeruhusiwa. Ni mtihani mmoja. Ukishinda, wanakusomesha na kukulipa huku unasoma. Nimeshaomba.

Kaka kacheka mpaka kaweka spana chini. Ni fundi baiskeli, na mtaa mzima unamwita Breki kwa sababu mdomo wake hauna. Anasema waombaji watakuwa kama siafu. Kumi na wawili, kasema, hiyo ni timu ya mpira na mchezaji mmoja wa akiba, wewe utakaa wapi?

Nikamjibu: golini.

Sababu yangu hajui. Kutoka dirisha la darasa letu naona kibanda cha ishara cha reli. Ndani yupo mama mmoja mwenye sweta la buluu. Akivuta wenzo wa ishara, treni inapita. Asipovuta, inasimama. Chuma chote kile, abiria wote wale, wanamngoja mtu mmoja mwenye sweta! Nami nataka kungojwa hivyo. Basi, nimelisema.

Jumatano, 8 Oktoba

Mwalimu wa Hisabati kanipa mitihani ya reli ya miaka iliyopita. Maswali sitini kwa dakika sitini. Nimeketi kwa heshima zote, penseli mbili, kifutio kipya.

Nimepata ishirini na tisa. Aibu!

Swali la kwanza kabisa: treni inaondoka 07:45 na kufika 13:20, imesafiri muda gani? Hiyo 13:20 nikaijua mara moja, saa saba na dakika ishirini mchana. Safi. Lakini 07:45 nikaisoma kama tunavyosema nyumbani — saa saba na dakika arobaini na tano! Sikustuka hata kidogo. Nikatoa, nikapata jibu, nikapiga mstari chini yake kwa rula.

Mwalimu kaitazama karatasi, kavua miwani. "Binti, treni yako imefika dakika ishirini na tano kabla haijaondoka. Ukiajiriwa, abiria watakupenda sana."

Darasa zima likaangua kicheko. Nami nikacheka, nikichelewa kidogo.

Kasema kosa hili wanalifanya wengi. Sisi saa tunaanza kuzihesabu jua linapochomoza, reli wanaanza usiku wa manane. Kichwa kinabadili upande mmoja na kusahau mwingine. Dawa yake ni kuzoea tu.

Ijumaa, 10 Oktoba

Mpango wangu. Kwanza, maswali mepesi kwanza. Gumu nalipita kama treni ya haraka inavyopita stesheni ndogo, bila hata kupunga mkono. Pili, kila jioni karatasi moja, hata nikichoka. Tatu, na hili ndilo la maana: kuanzia leo natumia saa ya reli tu. Nikiamka, nikila, nikizungumza na watu. Kichwa kitazoea chenyewe.

Nimewatangazia wote mezani. Mama, mdomoni chai, kauliza kama saa ya reli inaosha vyombo.

Jumanne, 14 Oktoba

Bibi ndiye msimamizi wangu wa mtihani. Anakaa kwenye kiti chake karibu na redio na kupaza sauti "Kalamu chini!" pale anapojisikia. Leo kapaza baada ya dakika kumi. Nilipolalamika kasema alitaka kuona kama niko macho.

Kisha kaniuliza mchezo wa redio unaanza saa ngapi. Nikasema: ishirini kamili.

"Ishirini ya wapi? Saa zinaishia kumi na mbili, mjukuu wangu. Hizo nyingine ni za nani?"

Nikamweleza. Mchana una zake kumi na mbili, usiku una zake, reli wanazihesabu zote kwa mkupuo mmoja. Kasikiliza vizuri. Kasema kumbe ndiyo maana treni zinachelewa, zina saa nyingi mno za kutumia.

Alama: thelathini na nane.

Jumamosi, 18 Oktoba

Balaa!

Mama anaoka mikate ya kuuza, ana tanuri chumba cha mbele. Asubuhi alikuwa anaoga, simu yake ikalia, nikapokea. Dereva wa lori la unga. Kasema atafika saa nne, awepo mtu wa kupokea. Nikasema sawa, asante. Kichwani, kwa mazoezi, nikabadilisha haraka — na kwa kujisifu, nakiri! Mama alipotoka nikamwambia:

"Dereva kasema saa kumi."

Mama akafurahi, siku nzima iko mbele yake. Akaenda sokoni kutafuta hamira bila haraka. Nami nikaenda zangu shule, masomo ya ziada. Bibi alikuwa na redio yake, sauti juu kabisa. Lori lilikuja, likapiga honi, likaondoka.

Jioni Mama kasimama mlangoni na aproni yake safi, anatazama barabara. Akampigia dereva. Kisha akaniita kwa jina langu kamili. Hapo nikajua.

"Nani kakwambia saa kumi?"

"Saa kumi ya reli, Mama."

Redio ilinyamaza, au Bibi aliizima asikie vizuri.

"Unga nao unakuja kwa reli?"

Jumapili, 19 Oktoba

Hakuna mkate. Wateja wamegonga tangu alfajiri, na mimi ndiye niliyepewa kazi ya kuwafungulia na kuwaeleza. Niliwaeleza wote, ukweli mtupu. Mmoja kasema mtihani huo nisipoushinda atakuja kunidai mkate wake.

Breki kanikopesha baiskeli ya mteja, nimesukuma unga kutoka ghala la muuzaji. Njiani kote ananiita "mkuu wa stesheni", na kwenye kila kona anapiga filimbi kwa vidole.

Amri ya Mama, leo hii: saa ya reli ibaki relini. Ndani ya nyumba hii ni saa ya nyumbani.

Hakupaza sauti. Hilo ndilo lililoniuma zaidi. Lakini jioni alinikatia kipande cha kwanza cha mkate mpya, ule upande mgumu ninaoupenda.

Jumatano, 29 Oktoba

Hamsini na tatu kwa sitini!

Amri ya Mama imenisaidia kuliko mpango wangu. Kwa sababu sasa lazima nijue kila mara niko wapi: mlangoni nabadilisha, mlangoni nabadilisha tena. Kama kuvua viatu. Sikosei tena hata swali moja la muda.

Bibi bado hajaridhika na yale maswali ya treni A na treni B zinazokuja kukutana. Anauliza kwa nini hakuna aliyezipigia simu. Nikamwambia ndiyo kazi ninayoiomba, Bibi. Kasema: "Basi wakupe haraka."

Jumanne, 4 Novemba

Ujumbe umeingia kwenye simu ya Mama! Naunakili kama ulivyo:

*Mwombaji, unaitwa kwenye mtihani siku ya Alhamisi, saa 8:00, jengo kuu la reli. Mlango ukifungwa haufunguliwi.*

Nimerukaruka. Mama karuka kidogo, kwa adabu. Breki kapiga filimbi.

Kisha nikausoma tena, nikakaa chini.

Alhamisi hiyo hiyo asubuhi nina mtihani wa mwisho wa shule, Hisabati. Unaanza saa mbili na kuisha saa tano. Ikiwa reli ni saa nane mchana, namaliza Hisabati, nakula, na hata nafika mapema. Ikiwa ni 08:00, hiyo ndiyo saa mbili asubuhi. Saa ile ile. Dakika ile ile.

Breki: imeandikwa saa nane, ni saa nane, mnatafuta nini? Mama: hao ni watu wa reli, watasema saa ya nani kama si yao? Bibi: "Si niliwaambia hizo saa ni nyingi mno."

Hakuna aliyecheka.

Jumatano, 5 Novemba

Nimeamkia stesheni. Mkuu wa stesheni ni mpole, ana kofia iliyomzidi kichwa. Kasoma ujumbe mara mbili. Kasema reli hawaandiki nane bila sifuri mbele, kwa hiyo hii ni saa nane mchana. Nikapumua. Kisha kasema: lakini ujumbe umetoka makao makuu, na siku hizi huko kuna vijana wanaoandika wanavyotaka. Nikaacha kupumua.

Mwalimu wa Hisabati hakunishauri. Kasema tu kwamba mtihani wa shule unaweza kurudiwa mwakani, ingawa mwaka ni mrefu. Nafasi za reli hakumbuki mara ya mwisho zilitangazwa lini. Kisha akafuta ubao ambao ulikuwa safi tayari.

Nimepiga simu makao makuu tangu mchana. Inaita, inaita, inakatika.

Niliahidi kusema kila kitu, basi nasema. Nikiwaza kwamba ni 08:00, miguu yangu inaelekea reli. Sijamwambia mtu. Sare ya shule nimeipiga pasi, na sketi nyeusi ya kwendea reli nimeipiga pasi, zote mbili zimetundikwa mlangoni.

Mama kaingia sasa hivi, mikono ina unga mpaka viwiko. Katazama sare, katazama sketi. Akahesabu kwa vidole, midomo ikicheza, kisha kasema taratibu kama mtu anayejaribu viatu vya mwenzake:

"Nikuamshe sifuri tano sifuri sifuri? Si ndiyo saa kumi na moja alfajiri?"

Sawasawa kabisa, Mama.

Kaniachia simu yake. Nimetuma ujumbe kwenye namba ile ile, nimeuandika kwa uangalifu, na koma zake zote, na sasa nimeiweka simu juu ya meza mbele yangu:

*Shikamoo. Mimi ni mwombaji wa mtihani wa kesho. Tafadhali naomba nijibiwe leo hii, hata kwa neno moja: hiyo saa nane yenu ni ya nyumbani, au ni ya reli?*